Blogu Tisa za Nukta

Kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi kwa miaka ishirini na mitatu, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Nukta. Wa ofisini walisema ni kwa sababu kazi yake ilikuwa kusahihisha, na nukta iliyokosekana haikumpita. Wa chumba cha mashine walisema ni kwa sababu akishafunga mdomo, mazungumzo yamekwisha.

Meza yake ilikuwa pembeni, chini ya dirisha lililotazama ukuta. Juu yake kulikuwa na taa yenye shingo ndefu, rula ya chuma na kalamu nyekundu tatu. Kila kilichochapwa pale kilipita kwanza mikononi mwake: kadi za harusi, kalenda, ripoti za mikutano ambazo hata waliohudhuria hawakuzisoma, na vitabu vya watu waliojilipia wenyewe ili waitwe waandishi. Aliwadharau wote, bila upendeleo. Kuna mzee mmoja aliyeleta kurasa mia mbili alizoandika juu ya unyenyekevu, akataka picha yake iwekwe kwenye jalada la mbele na la nyuma pia. Nukta alisoma kurasa kumi, akaziweka kando.

"Huyu alitakiwa kusahihishwa zamani," akasema, "na mama yake."

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Hakuolewa, na aliyemwonea huruma kwa hilo alijuta. Alikaa kwenye nyumba waliyoachiwa na wazazi, yeye na mdogo wake ambaye alikuwa muuguzi, pamoja na mume wa mdogo wake. Huyu shemeji alikuwa na kibanda cha kuuza chaja na vifuniko vya simu karibu na benki, na kwa sababu hiyo alijiona mhandisi. Mezani alikuwa akieleza dunia inakokwenda. Nukta alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza bomba linalovuja, akijua kwamba halitanyamaza ila pia halimtishi mtu.

Vitu ambavyo hakuvidharau vilikuwa tisa tu, na vyote vilikuwa blogu. Moja ilikuwa ya mama aliyeandika kuhusu kutia viraka nguo kuukuu. Nyingine ilikuwa ya mtu aliyepima mvua uani kwake na kueleza kila tone kana kwamba ni mgeni aliyemtembelea. Ilikuwepo ya mwalimu mstaafu aliyegombana na kamusi, na ya mwanamke aliyekaa mkabala na hospitali akaandika anachokiona dirishani bila kumtaja mtu. Na ilikuwepo ya fundi redio, aliyetengeneza redio ambazo hata vipuri vyake havipatikani tena. Hizo nyingine nne zilikuja na kwenda, lakini hizi tano alizisoma kama mtu anavyokunywa dawa, kwa wakati na bila kuruka siku.

Alizisoma asubuhi kabla ya kazi, na kikombe cha chai, kwenye kompyuta yake ya zamani chumbani. Kulikuwa na tovuti iliyozikusanya zote mahali pamoja, orodha ya majina kushoto na maandishi kulia. Mwenye blogu akiandika kitu kipya, jina lake lilikolea wino. Akinyamaza, lilibaki jepesi. Hapakuwa na picha ya mtu anayecheka, wala swali la unajisikiaje leo.

Akikuta kosa, alimwandikia mwenyewe barua pepe. Aya ya tatu, mstari wa pili, herufi imerudiwa. Basi. Hakuweka salamu wala kwaheri. Kwa mawazo yake, hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, maana wa kadi za harusi aliwasahihisha kwa mshahara, na hawa aliwasahihisha bure.

Asubuhi moja, mahali pa orodha, alikuta tangazo. "Asante kwa safari yetu ya pamoja. Huduma hii itafungwa baada ya siku thelathini."

"Safari gani?" Nukta alikiuliza kioo cha kompyuta. "Mimi nilikuwa nimekaa."

Jioni alimweleza mdogo wake, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu shemeji naye alikuwepo na masikio yake hayakuwa na mlango.

"Shemeji, hilo ni jambo dogo," akasema, akiweka kijiko chini ili apate mikono miwili ya kueleza. "Blogu ni mambo ya kale. Watu wote sasa wako kwenye mitandao ya kijamii. Nikufungulie akaunti, uwafuate hukohuko."

"Wote wako huko?"

"Wote."

Kati ya tisa walikuwa watatu. Shemeji alichukua simu yake, akabonyeza hapa na pale kwa kidole kimoja kilichonyooka kama cha hakimu, akamrudishia. "Tayari. Sasa unaishi kwenye karne hii."

Asubuhi iliyofuata Nukta aliketi na chai yake kwenye karne hiyo. Kwanza alikutana na mwanaume anayemenya yai kwa kulipuliza. Kisha akaja mwanamke mwenye mkanda wa kupunguza tumbo, tumbo lenyewe halimo. Kisha mtu asiyemfahamu alikuwa akilia kwa sababu amemsamehe mtu mwingine asiyemfahamu. Baada ya dakika ishirini alimwona fundi redio: picha moja, nusu sentensi, na maneno "endelea kusoma". Alipobonyeza akaulizwa neno la siri.

Alivumilia siku nne. Siku ya tano meneja wa kiwanda alisimama mbele ya meza yake, akakohoa.

"Nimeona umependa picha yangu," akasema. "Ile ya ufukweni. Nikiwa sina shati."

"Kidole kiliteleza."

"Umependa tatu."

Nukta alimtazama kuanzia tumboni kwenda juu, taratibu, kisha akarudi kwenye karatasi zake. Meneja akaondoka. Wa chumba cha mashine walicheka juma zima, na jioni ileile Nukta alifuta akaunti. Shemeji alisema ni kwa sababu hakuipa muda.

"Kinyesi nacho ukikipa muda kinakauka," Nukta akasema. "Hakigeuki mkate."

Mdogo wake akafunika uso kwa kanga. Shemeji akalalamika kwamba yuko mezani, anakula.

Zilibaki siku ishirini na tatu. Kiwandani alikuwepo mtu wa kompyuta, aliyekuja kila Jumanne na begi jeusi na manukato yaliyomtangulia mlangoni. Nukta hakuwahi kumwomba kitu. Jumanne hiyo alimwomba, na kwa namna alivyoomba mtu angedhani anamfukuza.

"Kwa nini uhangaike kusoma?" yule mtu akasema kwa upole. "Ipo programu inayokusomea. Inakupa muhtasari wa mistari mitatu, unaendelea na shughuli zako. Siku hizi mtu hasomi, anasomewa."

"Na chakula, anatafuniwa?"

Yeye hakusikia, au alizoea. Alivuta kiti, akaomba mfano. Nukta alimpa andiko la yule mama wa viraka, lililotoka juma lile. Mama alikuwa ameeleza koti aliloachiwa na mume aliyemkimbia. Viwiko vilikuwa vimetoboka. Aliliacha msumarini miaka miwili, akilichukia, kisha siku moja yenye baridi akakata vipande kwenye gauni lake la harusi, akaziba viwiko, akalivaa yeye mwenyewe kwenda sokoni. Andiko lilikuwa refu, na Nukta alipolisoma chai yake ilipoa.

Programu ilifikiri kidogo, ikatoa mistari yake mitatu. Koti lililotoboka linaweza kutiwa viraka. Viraka hupunguza gharama. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi.

Nukta aliisoma mara mbili.

"Hii inajua kusoma kama mbuzi anavyojua kusoma gazeti," akasema. "Analimeza lote, halafu ukimuuliza habari anakupa mavi."

Mtu wa kompyuta akafunga begi. Alisema kuna toleo bora zaidi, ila ni la kulipia.

Basi akaamua kutomtegemea mtu. Alinunua daftari, akaandika anwani tisa kwa mwandiko wake ulionyooka, na kila asubuhi akawa anazitembelea moja baada ya nyingine kama mpeleka barua. Ilikuwa kazi ya punda. Mlango wa kwanza hakuna jipya. Wa pili hakuna jipya. Wa tatu ukurasa haufunguki, subiri. Mtu wa mvua aliandika mvua ikinyesha tu, na hicho kilikuwa kiangazi, lakini Nukta alikwenda kumbishia hodi kila siku, maana ungejuaje? Chai ilipoa. Saa ilikwenda. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu alichelewa kazini, na juma lilelile akachelewa tena.

Siku hiyo ya pili alikuta kalenda ya chama kimoja cha akiba imekaa mezani kwake tangu asubuhi, na wa mashine wamesimama wanamsubiri. Aliipitia kwa haraka, akaweka sahihi. Zilichapwa nakala elfu mbili. Ijumaa meneja alikuja na nakala moja, akaiweka mbele yake ikiwa imefunguliwa. Mwezi wa Aprili ulikuwa na siku thelathini na moja.

Meneja angeweza kumkumbusha mengi. Hakumkumbusha. Alikwenda zake, na ukimya ule Nukta aliubeba mpaka nyumbani kama gunia. Wa mashine walizichapa upya, na hakuna hata mmoja aliyecheka, jambo lililomuumiza zaidi. Yeye aliyewacheka watu kwa herufi moja alikuwa ameongeza siku nzima.

Zilibaki siku nne tovuti ifungwe. Jumamosi asubuhi aliketi, akamwandikia fundi redio. Alimchagua kwa sababu ni mtu anayefufua vitu vilivyokatiwa tamaa, na kwa sababu hakuwahi kusema yuko karne gani. Barua ilianza kama zote. Aya ya kwanza, koma imezidi. Aya ya nne, "waya" umeutaja umoja kisha ukaugeuza wingi. Aya ya tano, nukta. Mwishoni akaongeza mstari mmoja: "Tovuti ninayokusomea inafungwa. Ipo njia nyingine isiyo ya kipumbavu?"

Jibu lilikuja Jumapili mchana. Mdogo wake alikuwa amelala akijiandaa kwa zamu, na shemeji alikuwa sebuleni akibishana na redio ya mpira. Nukta alifunga mlango wa chumba, akasoma.

"Dada msahihishaji," fundi aliandika. "Nakuita hivyo kwa sababu miaka sita hii hujataja jina lako. Makosa matatu nimeyarekebisha.

"Njia ipo, na ni ya zamani kuliko hiyo tovuti yako. Blogu karibu zote, mbali na mlango wa mbele unaoufahamu, zina mlango wa nyuma unaoitwa mlisho. Pale yanapita maandishi mapya tu. Unachohitaji ni programu ndogo inayokaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Unaipa anwani za milango hiyo, nayo inazunguka kubisha hodi kwa niaba yako, kisha inakuletea kilichopatikana. Haitakuja siku ukaambiwa duka limefungwa, kwa kuwa duka liko kwako. Ila fanya hivi leo: tovuti yako itakuruhusu kupakua orodha ya blogu zako zote kwa faili moja. Ichukue kabla hawajazima taa. Hatua zote nimekuandikia hapo chini, polepole, kama ninavyomwandikia mtu asiyeshika bisibisi.

"Sasa na mimi nikusahihishe, kwa kuwa umenizoesha. Barua zako ninazo zote, ni mia moja na kumi na nne. Hakuna yenye salamu. Hakuna yenye neno juu ya nilichokiandika. Nilipoandika habari ya redio ya baba yangu, aliyoiwasha kila jioni kwa miaka kumi baada ya kuwa kiziwi, kwa sababu alipenda kuona taa yake ikiwaka, uliniandikia kwamba neno 'usikivu' nimelitia s mbili. Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nina wasomaji kumi na wanne, na kumi na watatu hawajawahi kuniandikia lolote. Nilijua unanidharau, na bado kila nikichapisha kitu nilikaa nikakusubiri, maana nilikuwa sina mwingine. Nyani haoni kundule, dada. Ni mimi, Fundi."

Kitu cha kwanza alichofanya Nukta ni kutafuta kosa. Alipitia barua ile kwa rula, mstari kwa mstari. Halikuwepo hata moja, na alielewa kwamba mtu yule ameketi na kuisoma mara nyingi kabla ya kuituma, kwa ajili yake.

Akafyonya. "Mwanaume mzima," akauambia ukuta. "Analilia asante kama mtoto aliyebeba maji."

Mchana wote alimdharau. Alimdharau akifua, akamdharau akianika. Alijiambia kwamba mtu akitaka sifa aende kwa yule wa kumenya yai. Lakini hata alipokuwa akimdharau, alikuwa ameshachukua ile faili, ameshaiweka programu, na anafuata hatua moja baada ya nyingine, na hatua zile zilikuwa safi. Hapakuwa na neno la kujionyesha. Palipokuwa na hatari ya kukosea, fundi alikuwa ameandika, "hapa usiwe na haraka."

Jioni alibonyeza mara ya mwisho. Orodha ikatokea kushoto, maandishi kulia. Saba kati ya tisa zilikuja. Moja kati ya mbili zilizokosekana, mwenyewe alikuwa amehamia kwenye ule mtandao wa mayai, na Nukta akamfuta bila majonzi. Ya pili, ile isiyofunguka, ilikuwa imezimwa tangu mwaka uliopita na hakuwa ametambua, jambo lililomfanya ajiulize alikuwa anasoma nini siku zote hizo.

Jina la fundi lilikuwa limekolea, na programu ilikuwa imeleta hata maandiko yake ya zamani. Nukta akatafuta lile la redio ya baba, akalifungua.

Alilikumbuka. Si kwa s mbili. Mara ya kwanza alipolisoma, miaka mitatu nyuma, alikuwa ameinuka kitini, akatoka uani, akasimama karibu na ndoo za maji bila kujua anatafuta nini. Baba yake mwenyewe alikuwa na saa ya mkono iliyosimama ambayo aliivaa hadi mwisho, na yeye, Nukta, alikuwa akimcheka mbele ya wageni. Aliporudi ndani alilisoma tena andiko lile kutoka juu, akaiona ile s, na moyo wake ukatulia. S alijua la kuifanya.

Akaanza kuandika jibu. Aliandika "Napenda kuchukua fursa hii," akayafuta kwa chuki, maana hicho ni Kiswahili cha ripoti za mikutano. Aliandika "Nashukuru kwa msaada wako," akafuta, hiyo ni ya karani. Ilimchukua muda mrefu kuliko kusahihisha kalenda, na alipomaliza ilikuwa mistari michache tu.

"Fundi, habari za huko. Njia yako imefanya kazi. Andiko la redio ya baba yako lilinitoa kitini. Sikudhani ni kazi yangu kusema. Sikudharau wewe, ninaowadharau siwaandikii." Akaweka jina lake lote chini, lile lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, akatuma kabla hajalisoma tena.

Fundi alijibu kwa neno moja, "Karibu." Nukta aliona ni jibu zuri, kwa kuwa lilikuwa fupi.

Katika majuma yaliyofuata aliwaandikia na wale wengine sita. Mama wa viraka alimwandikia kurasa mbili, akamwambia koti bado analivaa. Mwalimu mstaafu alimjibu kwa kumsahihisha, na wakagombana hadi mwisho wa mwezi, kila mmoja akifurahi kivyake. Wanne hawakujibu. Nukta akawaona hawana adabu, akaendelea kuwasoma.

Shemeji alipoona kompyuta imetulia na orodha imerudi, alisimama mlangoni akaegemea fremu.

"Si nilikuambia ni jambo dogo?"

"Uliniambia mengi," Nukta akasema. "Chagua mwenyewe lipi nianze kulisahau."

Shemeji akaenda zake kutafuta maana yake. Mdogo wake alikuwa amebaki koridoni na sare ya kazi mkononi, akionekana ana jambo.

"Dada, hiyo unaweza kuniwekea na mimi kwenye simu?"

"Unasoma nini wewe?"

Mdogo wake akamwonyesha. Ilikuwa blogu ya mwanamke aliyeeleza ugomvi wa ndoa za watu, kila sentensi imefungwa kwa alama za mshangao tatu, na maneno muhimu yameandikwa kwa herufi kubwa ili asiyesikia asikie. Alisema anaisoma kwenye zamu, wagonjwa wakishalala, miaka mitano sasa. Hakuwahi kusema kwa sababu alijua dada yake angesema nini.

Nukta alisoma aya ya kwanza. Akasoma ya pili. Pua yake ikapanda.

"Huyu anaandika kama mtu anayekimbizwa na nyuki."

"Najua. Ndiyo maana nampenda."

Mkono wa Nukta ulikuwa tayari umeinuka kuonyesha koma. Akautumia kuchukua simu. Alitafuta mlango wa nyuma wa blogu ile, ukapatikana, akauingiza, jina likatokea limekolea wino.

"Hapa ukibonyeza, anakuja," akamwambia. "Hapa ukibonyeza, anakaa kimya. Hiki cha pili ningekitumia sana."

Mdogo wake aliketi kitandani kwa dada yake, jambo ambalo hakulifanya tangu walipokuwa wasichana, akaanza kusoma kwa sauti habari za mume aliyekutwa amejificha ndani ya tangi la maji. Nukta alimwambia asome kimoyomoyo kama watu waliosoma. Mdogo wake akaendelea kwa sauti. Walipofika mahali ambapo mke analeta ngazi, Nukta akauliza tangi lilikuwa na maji kiasi gani.